Kabla hujaongeza hela ya bando, angalia nani anakula intaneti nyumbani

Watu wa huku Uyole, Mbeya, wakiniuliza kuhusu intaneti ya nyumbani swali ni lile lile, eti nichukue bando la spidi gani ili tutoshe wote, na mi huwa nawajibu ngoja kwanza, ruta umeiweka wapi na nani anarusha nini, maana wengi wanaongeza hela wakati shida iko humo humo ndani.

Kwetu tuna kifurushi cha Mbps 10, yaani megabiti 10 kwa sekunde. Hizo ni biti sio baiti, gawa kwa 8 unapata MB 1.25 kwa sekunde, yaani faili la GB 4 ukiwa peke yako linakula karibu saa nzima. Ni kidogo eeh? Ila waifu anafanya humo kazi zake za uhasibu, dogo anasoma MUST, chuo cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, ana laptopu yake, watoto wana desktopu sebuleni, na mpangaji wa chumba cha uani tunachangia naye bili, na mambo yanaenda.

Kinachoua intaneti ya nyumba nyingi ni upande wa kupandisha, yaani kuaplodi. Kila mtu anaangalia spidi ya kudaunlodi tu, wakati njia ya kupandisha mara nyingi ni nyembamba zaidi, sasa simu moja ikianza kupandisha video za sendofu kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni njia ile inajaa, halafu hata anayeshusha naye anakwama, kwa sababu kompyuta yake inavyopokea data lazima irudishe taarifa kwamba imefika, na taarifa hiyo inapanga foleni nyuma ya video za sendofu. Jipimie mwenyewe, acha ping (amri ya kupima data inachukua muda gani kwenda na kurudi) inatembea kwenye kompyuta moja af mtu apandishe video kubwa, utaona namba zinatoka makumi ya milisekunde zinaenda mamia. Hapo bando kubwa zaidi linaweza lisikusaidie kitu kama njia ya kupandisha imebaki ile ile. Bekapu za simu zipangie usiku, na kama ruta yako ina sehemu ya QoS, ya kupanga nani apite kwanza na kwa spidi gani, weka kikomo cha kupandisha chini kidogo ya uwezo halisi, kama asilimia 85 hivi, foleni inaisha. Laptopu za Windows nenda kwenye mipangilio ya waifai uwashe "Metered connection", yaani unaiambia intaneti hii ina kipimo, masasisho mengi makubwa yatasubiri.

Halafu hiyo waifai yenyewe. Nyumba zetu ni tofali za kuchoma na kuta nene, waifai ya masafa ya 5 GHz ikipita kuta mbili imechoka, ile ya 2.4 GHz inajitahidi. Na waifai ni kama kikao, anaongea mmoja wengine wanasubiri, kwahiyo kompyuta iliyo mbali inayoongea polepole inawachelewesha hata walio karibu na ruta. Zile ekstenda za kuchomeka ukutani mi sizipendi kabisa, nyingi zinapokea na kurusha kwa redio ile ile, spidi inabaki karibu nusu.

Kompyuta isiyohama vutia waya, basi. Waya wa mtandao wa aina ya Cat5e unafika mita 100, nyumba gani ya kwetu inazidi hapo? Ukienda kununua sokoni Mwanjelwa omba wakukwangulie uzi mmoja, ukiona ndani kweupe hiyo ni aluminiamu imepakwa shaba juu, ni rahisi kweli lakini ukiikunja kunja inakatika.

Chumba cha uani nimekitatua kwa ruta ya zamani iliyokuwa kabatini. Kama anwani ya ruta kubwa ni 192.168.0.1, hiyo ya zamani ipe 192.168.0.2, zima DHCP yake, ile kazi ya kugawia vifaa anwani, ili zisigawe anwani zote mbili zikagombana, af waya unaotoka ruta kubwa uchomeke kwenye tundu la LAN, la vifaa vya ndani, sio la WAN, la intaneti inayotoka nje. Inakuwa inarusha waifai tu, anwani zote zinatoka sehemu moja, na printa ya ndani mpangaji anaiona. Kama hutaki aione basi hiyo njia haikufai, mfungulie mtandao wa wageni kwenye ruta kubwa.

Waya wa nje upitishe kwenye bomba, na msimu wa mvua za radi ukifika muwe mnachomoa pande zote mbili ngurumo zikianza, maana shaba inayotoka jengo moja kwenda lingine radi ikipiga jirani inaweza kuingiza umeme mpaka kwenye ruta na kompyuta zote zilizounganishwa kwa waya.