Hela ya chakula cha kuagiza kwa apu, tulipe kabla au kikishafika?

Mteja aking'ang'ania kulipa keshi mlangoni utasikia watu wanasema huyu teknolojia bado haijamwingia, mi sikubali kabisa. Mtu huyohuyo anatuma hela kwa simu kutwa nzima. Kenya wana M-Pesa tangu 2007, India UPI, mfumo wao wa kulipa kwa simu kutoka benki, imekuja 2016, Brazil benki kuu yao ikaleta mfumo kama huo, Pix, Novemba 2020 na mtu wa kawaida akituma hela hakatwi kitu. Kulipa kwa simu watu wanajua, tena sana. Wanachogomea ni kutoa hela kabla chakula hakijafika.

Sababu ukishalipa, hela iko kwa wenye apu na njaa iko kwako. Chakula kikija pungufu au kisije kabisa unaanza kuchati na roboti inayouliza maswali yaleyale, halafu ukibahatika unaambiwa umerudishiwa, kumbe ni kuponi ya kuagizia tena kwao hapohapo. Na kuna lile baya zaidi, mtandao unakata katikati, simu inasema umekatwa, apu inasema malipo hayajapokelewa, kila upande unakwambia kaulize kwa mwenzake. Kwa mtu ambaye salio lote ndo lilikuwa hilo, huo sio usumbufu mdogo, ni kulala njaa.

Ndo maana naupenda ule mtindo wa kulipa kwa simu lakini mlangoni. Unafungua mfuko, unakagua vitu vyako, ukiridhika ndo unaskani QR au unaweka namba ya siri, na aliyeleta anasubiri meseji iingie kwenye simu YAKE (asikubali kuonyeshwa ya mteja, meseji feki zipo), basi anaondoka. Habari ya kutafutana chenji hakuna, na yeye hazunguki usiku na keshi za watu mfukoni.

Kampuni nazo zina hoja, mtu anaagiza halafu simu hapokei, chakula kimeshapikwa, mafuta yameshaungua, hiyo hasara inauma kweli. Ila dawa yao ni punguzo kwa anayelipa mapema, na punguzo likiisha watu wanarudi kwenye keshi yao kama kawaida.

Mi naona India walilishika jambo lenyewe. 2019 benki kuu yao iliagiza kwamba ukimlipa mfanyabiashara kwa UPI ukakatwa halafu yeye asipate uthibitisho, hela irudi yenyewe ndani ya siku 5, zikipita hizo unalipwa rupia 100 kwa kila siku ya kuchelewa, na hiyo fidia sio mpaka ulalamike. Sasa hiyo ni kwa muamala uliokwama tu, chakula kilichokuja pungufu bado uko mikononi mwa apu. Natamani nako kuwe na sharti kama hilo, hela irudi palepale ilipotoka sio kwenye kuponi, na niandikiwe itarudi lini kabla sijabonyeza lipa.