Magari ya Puri kwenye kioo cha sebuleni

Katika nyumba yetu hapa Dar es Salaam, siku inayohalalisha bei ya runinga kubwa si ya fainali ya Kombe la Dunia bali ni ya Rath Yatra, sikukuu ya magari ya ibada ambayo huangukia mwezi wa Juni au Julai kwa kufuata kalenda ya Kihindu. Sherehe kuu hufanyika Puri, katika jimbo la Odisha, kwenye mwambao wa mashariki wa India. Hata hivyo mama yangu, ambaye kwao ni Ahmedabad upande wa Gujarat, alikua akisikia habari za magari mengine, yale ya hekalu la mji huo la Jagannath, mungu ambaye sikukuu hii ni yake, ambayo yamekuwa yakipitishwa mitaani tangu mwaka 1878 yakitanguliwa na ndovu na kuandamana na msururu wa malori yaliyopambwa. Ndiyo maana siku hiyo rimoti haitulii: macho yako Puri, moyo wa mama uko Ahmedabad, na mama mdogo anapiga simu kutoka huko kuuliza kama tumeona.

Kuona ndilo jambo lenyewe. Kwa Mhindu, kusimama mbele ya sanamu ya mungu, kumtazama na kutazamwa naye ni ibada kamili, wala si utangulizi wa ibada. Huko Puri hamu ya kuona huongezwa makusudi na utaratibu wa hekalu: takriban wiki mbili kabla ya magari kutoka, Jagannath, kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra huogeshwa hadharani kwa mitungi 108 ya maji, kisha husemekana wameshikwa na homa, na milango hufungwa wakiuguzwa ndani na watumishi wao. Asubuhi ya Rath Yatra ndiyo mara ya kwanza watu kuwaona wakiwa nje, na kwa kuwa wasio Wahindu hawaruhusiwi kuingia katika hekalu la Puri, ni siku ambayo mtu yeyote aliye barabarani huweza kuwatazama. Kwa mantiki hiyo sioni kwa nini aliye sebuleni mtaa wa Upanga hapa Dar aambiwe kwamba anachokiona hakihesabiki.

Hapo sasa ndipo ubora wa kioo unapoingia. Sanamu hizo tatu zimechongwa kwa mti wa mwarobaini na hazifanani na sanamu nyingine za Kihindu: macho ni ya duara na makubwa mno, mikono ni vigutu, na nyuso zina rangi tatu zilizo wazi, yaani nyeupe ya Balabhadra, njano ya Subhadra na nyeusi ya Jagannath. Kwenye runinga yetu ya zamani uso wa Jagannath ulikuwa shimo jeusi lenye duara mbili nyeupe. Kwenye hii tuliyo nayo sasa, ya aina ya OLED, ambayo kila nukta hujiwasha yenyewe na huweza kuzimika kabisa, weusi una ngazi zake: unaona rangi iliyopakwa upya inavyong'aa shavuni na inavyofifia kuelekea kidevuni. Wanapotolewa nje, wakiyumbishwa hatua kwa hatua kwa mlio wa matoazi, vichwani huwa na taji refu liitwalo tahia, lililosukwa kwa vijiti na maua, na kila hatua taji hilo huyumba mbele na nyuma kana kwamba linaitikia salamu za watu. Zamani niliona rundo la rangi likitikisika. Sasa naona ua moja moja likipukutika, na naona mikono ikigombania lililoanguka.

Magari yenyewe ni ya mbao na huundwa upya kila mwaka. La Jagannath, Nandighosha, lina magurudumu 16 na kimo cha mita zipatazo 13. La Balabhadra lina magurudumu 14, na la Subhadra 12. Kabla hayajakokotwa, Gajapati, yaani mfalme wa Puri ambaye leo hana himaya ya kutawala, hupanda juu ya kila gari na kulifagia kwa ufagio wenye mpini wa dhahabu, ili ionekane kwamba mbele ya Jagannath hata mfalme ni mfagiaji. (Ahmedabad kazi kama hiyo hufanywa na waziri mkuu wa jimbo, jambo ambalo mama hulikumbusha kila mwaka kwa fahari isiyofichika.) Kisha hushikwa kamba, nene za usumba, ambazo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa, na umati huanza kuvuta kuelekea hekalu la Gundicha, umbali wa kilomita zipatazo 3.

Wanaonunua runinga kwa ajili ya mambo kama haya hudanganywa na namba. Wauzaji husisitiza 4K, yaani nukta 3,840 kwa 2,160, ilhali matangazo mengi ya mahekalu yanatufikia yakiwa na nukta 1,920 kwa 1,080 au pungufu, na runinga hujaza pengo hilo kwa kukisia. Lenye faida zaidi ni uwezo wa kutofautisha giza na mwanga, pamoja na uamuzi wa kuondoa mipangilio ya dukani. Runinga nyingi hutoka dukani rangi zikiwa zimekolezwa kupita kiasi ili zivutie chini ya taa kali. Ukiziacha hivyo, joho la zafarani la kuhani linakuwa chungwa linalowaka na vitambaa vyekundu vya magari vinamezana hadi mishono haionekani. Mimi nimeweka mpangilio wa filamu, nikapunguza mwanga, na nikazima kabisa ule ulainishaji wa mwendo unaozua picha za katikati, kwa sababu huifanya miali ya taa iteleze kama mafuta. Sauti pia isisahaulike: spika za runinga nyembamba hazina kifua cha kubeba ngoma kubwa, na bila spika ya pembeni matoazi hubaki peke yake yakikereketa.

Kuna kasoro ambayo hakuna kioo kinachoiponya. Picha ikibanwa sana ili ipite kwenye setilaiti au intaneti, vitu vidogo vingi vinavyotembea kwa pamoja, kama vile petali zinazomwagwa, moshi wa kafuri au vumbi la rangi, huvunjikavunjika kuwa miraba. Kadiri runinga inavyokuwa kubwa ndivyo miraba inavyoonekana. Kwa hiyo naona mpiga picha aliyetulia ana thamani kuliko kioo cha bei mbaya. Doordarshan, shirika la utangazaji la serikali ya India, huwa na subira ya kuacha kamera ikae. Baadhi ya vituo binafsi hugawa kioo vipande vinne na kujaza maandishi yanayokimbia chini, hata gari la urefu wa jengo likaonekana kama kibiriti.

Mzozo wa kweli nyumbani kwetu unahusu muda. Intaneti hutupa picha safi, lakini huchelewa nyuma ya setilaiti, na mara nyingi mama mdogo anakuwa ameshapiga simu kushangilia gari lililoondoka wakati kwetu bado limesimama. Mama huchagua setilaiti, picha iwe vyovyote itakavyokuwa. Hanyooshi miguu kuelekea kwenye kioo, viatu huviacha mlangoni mwa sebule, na nilipowahi kusimamisha picha ili nihesabu magurudumu alinikatiza: "Mungu hasimamishwi kwa rimoti, mwanangu." Mimi naridhika na marudio ya jioni, yeye huyaita habari, si ibada.

Mwaka 2020 ulimpa mama hoja nzito. Kwa sababu ya korona, Mahakama ya Juu ya India ilizuia sherehe ya Puri tarehe 18 Juni, kisha ikairuhusu kwa masharti tarehe 22, siku moja tu kabla: kila gari livutwe na watu wasiozidi 500 waliopimwa, na mji ufungwe. Barabara ambayo kwa kawaida haionekani lami kwa vichwa vya watu ilikuwa tupu pande zote. Mwaka huo aliyeishi mitaa ya jirani na hekalu na sisi wa Dar tulikuwa sawasawa, wote tukitazama kioo.

Si kila sikukuu inafaa kutazamwa hivi. Navratri, sikukuu ya usiku tisa, sitazami hata dakika moja, kwa kuwa garba ni ngoma ya kuzunguka na hapa mjini kumbi zipo. Anayekaa kwenye kochi kutazama wengine wakizunguka ana mguu mbovu au uvivu. Dev Deepawali, sikukuu ya taa ya mji wa Varanasi, siku 15 baada ya Diwali, inafaa sana, ila iandaliwe: India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo taa za udongo zinapowashwa kwenye ngazi za Mto Ganga jua la Dar bado linaingia dirishani, na bila pazia zito utaabudu sura yako mwenyewe kwenye kioo.

Anayetaka kujaribu runinga yake kwa usiku mmoja tu asianze na siku ya kwanza ya Rath Yatra, yenye jua kali na vumbi. Asubiri Suna Besha, siku inayofuata ile ya magari kurejea, wakati miungu watatu wakiwa bado juu ya magari mbele ya lango la hekalu huvishwa dhahabu, pamoja na mikono na miguu ya dhahabu ambayo siku zote hawana. Apunguze mwanga wa kioo kwanza, la sivyo dhahabu yote itageuka nyeupe.