Vile Forester yangu ya turbo ilipita kupimwa moshi

Wenye magari ya kuchezewachezewa, hii ni yenu. Subaru Forester yangu ilishuka hapa bandarini Mombasa ikiwa haina turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa zaidi, nkaendesha miaka mitatu hivi halafu wazimu ukanipanda, nkang'oa injini nkaweka EJ20 ya turbo, na badala ya kontrol boksi yake nkafunga kompyuta ya injini ya Haltech, ile ya Australia, manake waya za kiwandani zilikuwa zishakatwakatwa na kila fundi aliyepita. Gari ikawa inaruka wallahi. Sasa ukibadilisha injini lazima ubadilishe logbuku, na logbuku haiguswi bila ukaguzi, ukaguzi wenyewe wanafuata KS 1515, kile kiwango ambacho ndicho kinachozuia gari za zaidi ya miaka 8 kushuka bandarini.

Mara ya kwanza nkaenda kifua mbele. Breki sawa, taa sawa, namba ya injini ikasomwa. Mkaguzi akachomeka ile fimbo ya kupima moshi kwa ekzosi, gari inanguruma tu bila kukanyagwa, akatazama skrini, akanitazama mimi. "Bosi, hii ni gari ama jiko la makaa?" CO, ile gesi ya sumu ya petroli isiyoungua vizuri, asilimia 4.6. Dereva wa matatu aliyekuwa nyuma yangu alicheka mpaka nkaona haya.

Sikubishana, dhambi zangu nazijua. Jamaa wa laptopu, yule anayeipangia kompyuta ya injini, aliniwekea mapu (mpango wa kumwaga mafuta) ya nguvu tupu, hewa kwa mafuta 12.5 kwa 1 hata ukiwa umekwama foleni ya Daraja la Nyali, na petroli inaungua sawasawa kwa 14.7. Turbo ikiwa inavuta kweli unataka mafuta ya ziada injini isipasuke, lakini kwa foleni ni kuchoma pesa. Halafu katalitiki, ile ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi, niliitoa nilipoweka bomba pana, nkawauzia wale wanaozisaka kwa sababu ya platinamu iliyo ndani, elfu nane, nkajiona mjanja.

Jamaa wa laptopu akaja kwangu Bombolulu baada ya isha, akaifungulia kompyuta isikize sensa ya oksijeni iliyo kwa bomba la ekzosi na ijirekebishe yenyewe, wenyewe huita klozdi lupu, hiyo aliizima zamani na hata hakuniambia. Geji ya hewa kwa mafuta ikatulia 14.7. Katalitiki nyingine ya mtumba nkapata kwa elfu kumi na nane (ndio, cheka) lakini akanionya nisiichomelee kwanza mpaka nihakikishe mafuta yako sawa, manake petroli mbichi ikiingia humo ndani inawaka, na katalitiki inayeyuka.

Na kweli hayakuwa sawa. Geji yasema 14.7 lakini ukisimama nyuma ya gari macho yanawasha na ukuta wa gereji umekuwa mweusi. Hapo nilipotea wiki mbili nzima, nkabadilisha plagi, nkaosha nozo, nkanunua sensa mpya, wapi.

Nkaishia kwa Ami mmoja fundi wa ekzosi Mwembe Tayari, laptopu hajawahi kuigusa. Gari ilikuwa ndio kwanza nimeiwasha, bado baridi. Akaniambia zima redio, akachukua kitambaa kilicholowa akaziba mdomo wa ekzosi sekunde chache. "Sikiza." Chini huko nkasikia tsss, tsss, tsss. Akapaka povu la sabuni pale bomba linapofungwa kwa turbo, povu likaanza kutokota.

"Mwanangu, hapa panavuja."

"Lakini Ami, si ni kidogo tu?"

"Kidogo, ndio. Na sensa yako iko wapi? Si hii hapa mbele yake?"

Nkashika kichwa. Moshi hautoki mfululizo, unatoka kwa mapigo, na katikati ya pigo na pigo ule ufa unavuta hewa ya nje. Sensa ikionja ile oksijeni inaona mafuta ni machache, kompyuta inaongeza, inaongeza, mpaka geji isome 14.7 na huku injini inalewa petroli. Yani tangu tuilazimishe imsikize sensa ndio ikazidi kudanganywa, na mimi nadanganywa na geji! Ami akatoa gasketi iliyoungua, akasugua bomba mpaka likawa bapa, akafunga mpya. Kuwasha tu, geji ikaanguka kwa 12 na kitu halafu ikapanda polepole yenyewe hadi 14.7. Macho hayawashi. Ndio akachomelea katalitiki.

Siku ya kurudi kukaguliwa sikwenda moja kwa moja. Katalitiki haifanyi kazi mpaka ifike joto la kama digrii 300, kwa hivyo nkaenda Mtwapa nkarudi, kwenye foleni sikuzima gari, na zamu yangu ilipokaribia nkaishikilia injini kwenye mizunguko 2500 kwa dakika, kwa dakika chache, watu wananiangalia kama mwehu. Mkaguzi yule yule. Akachomeka fimbo: CO 0.1, lamda 1.00, yani ile ile 14.7 yenyewe. Akaniambia nikanyage mpaka 2500, hapo hata 0.1 hakuna. Akainama kuangalia namba ya gari kama ni ile ile.

Jioni nkampelekea Ami ile karatasi aione. Akaishika mbali na macho, hana miwani, akasoma wee, akanirudishia.

"Hongera. Na mia tatu yangu ya gasketi je?"