Godoro la springi za mifuko la bei nafuu: nilivyolipima kwa kila aina ya mlalaji

Ninaloulizwa kila mara kuhusu magodoro haya ni kama ni mazuri au mabaya. Mimi huuliza kwanza: atalala nani? Mtu wa kilo 55 anayelala ubavu na mtu wa kilo 100 anayelala kifudifudi hawapati jibu moja kwa godoro moja. Nililolipima ni la futi 5 kwa 6, unene inchi 10, la bei ya chini, aina inayouzwa kwenye maduka mengi ya Mlandege na Mwanakwerekwe, hapa Unguja. Nililipima kwa kuwalaza watu wa nyumbani wenye uzito tofauti na milalo tofauti, kila mmoja kwenye mlalo wake wa kawaida na mto wake wa kawaida.

Kwanza tujue kilichomo ndani. Kwenye godoro la springi la zamani, springi zote zimefungana kwa waya, ukikaa huku kunatikisika kule. Kwenye hili, kila springi imetiwa ndani ya kifuko chake cha kitambaa chepesi, na vifuko vimegandishwa kwa gundi ubavu kwa ubavu, kwa hiyo kila springi hushuka peke yake. Wazo lenyewe ni la zamani: James Marshall alilibuni nchini Kanada mwishoni mwa karne ya 19. Juu ya springi huja felti ngumu, yaani tabaka la nyuzi zilizogandamizwa, kisha sponji, kisha kitambaa cha nje. Pembeni mwote huzungushwa ukuta wa sponji ngumu wa sentimita 5 hadi 7. Kiwanda kinapopunguza gharama, hupunguza zaidi kwenye felti na sponji ya juu, na huko ndiko godoro linakokufa mapema. Springi zenyewe mara nyingi hubaki nzima wakati juu pameshafanya bonde.

Kuhusu idadi ya springi, muuzaji atakwambia "elfu moja". Uingereza, ambako magodoro huuzwa kwa namba hiyo, hesabu kwa kawaida ni ya kitanda cha sentimita 150 kwa 200. Usibishane, pima. Bonyeza kwa ncha za vidole kufuata mstari wa rula ya sentimita 30 na uhesabu vichwa vya springi. Ukikuta vitano, kila springi ina upana wa kama sentimita 6. Godoro la futi 5 kwa 6 ni sentimita 152 kwa 183. Ukitoa ukuta wa sponji hubaki kama 140 kwa 171, na humo huingia springi 640 hadi 660. Hiyo ni idadi nzuri tu kwa bei hii. Anayesema 1,500 kwenye upana huo, ama springi zake ni nyembamba kama sentimita 4, ama amehesabu na safu ya vispringi vidogo vya juu, ama anasema tu.

Unene wa waya una uzito zaidi kuliko idadi. Kwa kawaida waya huwa kati ya milimita 1.6 na 2.2. Ugumu wa springi hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wa waya: springi mbili za umbo moja, moja ya milimita 1.8 na nyengine ya 2.0, ya pili ni ngumu zaidi kwa kama nusu nzima. Muuzaji anayejua bidhaa yake atakuwa na kipande cha kuonesha kilichokatwa. Omba ukione na uweke rula. Kama hakuna kipande, tumia mizani ya kuning'iniza ya mizigo. Springi 650 za waya wa milimita 1.8, zenye mizunguko sita kila moja, zina chuma cha karibu kilo 15 peke yake. Kwa hiyo godoro zima la ukubwa huu likija kilo 15 au chini yake, chuma kilichomo hakifiki kiasi hicho, hata kama lebo imeandikwa vipi.

Sponji nayo hupimika. Uzito wake husemwa kwa kilo kwa mita moja ya ujazo: ya 16 hadi 18 ni nyepesi na hulegea haraka, ya 25 kwenda juu ndiyo ninayoitaka juu ya springi. Kipande cha sentimita 10 kila upande kikiwekwa kwenye mizani ya jikoni kisome gramu 25. Gramu hizo ndizo kilo zake kwa mita ya ujazo. Duka likiwa halina kipande, kandamiza kwa kiganja kwa nguvu, kisha kwa kifundo cha kidole. Kifundo kikigusa kichwa cha springi waziwazi, felti ni nyembamba au haipo, na sponji itaanza kuingia baina ya springi.

Sasa walalaji. Dukani, vua viatu, lala kwenye mlalo wako halisi kwa dakika kumi au zaidi, na uende na mtu wa kukutazama kwa nyuma. Kulikalia kitako na kulipigapiga kwa mkono hakukwambii kitu.

Anayelala ubavu anahitaji bega na nyonga vizame, kiuno kipate pa kuegemea. Anayekutazama anyooshe uzi kutoka shingoni hadi mwisho wa uti wa mgongo. Uti ufuate uzi. Kwa mlalaji wa kilo 60 hadi 80 godoro hili lilikaa vizuri, uti ulinyooka. Kwa wa kilo 55 bega halikuzama. Uzito wake haukutosha kuzibana springi, mwili ukabebwa na bega na nyonga tu, na mkono wa chini ukafa ganzi kabla hata hajashikwa na usingizi. Mtu kama huyu anahitaji waya wa milimita 1.6 au 1.7, au aongeze juu sponji ya inchi 2 yenye uzito wa 25 hadi 30. Sponji ya inchi 1 haitoshi, maana bega linataka karibu sentimita 5 za kuzama. Mjamzito anayetakiwa alale ubavu namweka kundi hili hili, na mto mwengine baina ya magoti.

Anayelala chali ndiye aliyefaidika zaidi. Kipimo chake ni kiganja: mtu mwengine apitishe mkono chini ya kiuno. Mkono ukipita bila kugusa kitu, godoro ni gumu mno kwake. Usipoingia kabisa, nyonga zimezama mno. Upite kwa kusukuma kidogo. Kuanzia kilo 60 hadi 90 kipimo kilitoka sawa. Kwa wa kilo 100, sponji ya juu ilibanwa yote papo hapo na akawa amelalia springi moja kwa moja. Kwa usiku mmoja ni sawa, lakini sponji inayobanwa yote kila usiku haikai muda mrefu.

Kwa mlalaji wa kifudifudi simshauri mtu mzito achukue godoro hili. Tumbo na nyonga ndipo uzito ulipo, hapo springi hushuka, kifua na miguu hubaki juu, na kiuno hupinda kwenda chini usiku kucha. Kwa mwembamba wa kilo 60 halikuwa na tatizo, ila mto wa kichwani uwe bapa sana au usiwepo, na mto mwembamba uwekwe chini ya nyonga. Kwa mtu wa kilo 90 na zaidi, waya wa 2.0 na sponji ya juu isiyozidi inchi 1 ndiyo njia. Kama bei haifiki huko, sponji ngumu tupu ya uzito wa 30 na kitu itamtendea haki kuliko springi dhaifu.

Hapa ndipo linapokuja neno la dukani: "Chukua hili gumu, bi mkubwa, hili la mgongo." Lebo ya mgongo haina kipimo maalumu, kila kiwanda huiandika kitakavyo. Mwaka 2003 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti wa Hispania: watu wazima 313 wenye maumivu ya kudumu ya kiuno walipewa magodoro, wengine magumu, wengine ya ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, waliolala kwenye ya wastani walikuwa na nafuu zaidi. Naumia nikiona watu wazima wanauziwa ubao kwa jina la dawa.

Kwa mtu mzima mwenye magoti mabovu, kipimo kikubwa ni ukingo na kimo. Akae ukingoni kama anavyokaa akiamka. Ukingo ukishuka zaidi ya inchi 3 atateleza mbele. Hili lilishuka kama inchi 2 na nusu, linapita. Kimo ni habari nyengine. Kitanda cha besera tayari kiko juu. Ukiongeza inchi 10 miguu inaning'inia. Nyayo zikae sakafuni zote na magoti yawe usawa wa nyonga. Kama haziwi, chukua la inchi 8, au mwite seremala ashushe chaga.

Wanandoa ndio ambao springi za mifuko zinawafaa hasa, kwa sababu mmoja akiamka usiku kula daku au kwenda baharini, mwenziwe haamshwi. Weka gilasi iliyojaa maji robo tatu upande mmoja, mtu akae na kuinuka upande wa pili, futi 2 kutoka gilasi. Maji yalitikisika bila kumwagika. Jaribio hilo hilo kwenye godoro la springi za kufungana gilasi ililala. Lakini wanandoa waliotofautiana kilo 30 na zaidi wasitarajie godoro moja liwanyooshe wote. Chagua kwa uzito wa mzito, kisha muongezee mwepesi sponji ya inchi 2 upande wake, chini ya shuka.

Yote haya hutegemea kitanda chenyewe. Nafasi baina ya chaga isizidi inchi 3, kwa sababu springi yenye upana wa sentimita 6 ikikaa juu ya pengo kubwa hushuka na felti yake, na vifuko huchanika gundi. Kitanda cha futi 5 kiwe na boriti ya kati yenye mguu hadi chini. Kitanda cha kamba hakifai kabisa. Ubao wa plywood uliofunika chaga zote nao unahitaji matundu, ama sivyo jasho la usiku linaganda chini ya godoro na ndani ya masika utakuta koga.

Unyevu na chumvi ya huku kwetu ndio adui wa chuma. Kwanza toa nailoni ya kiwandani. Najua wengi huiacha ili godoro libaki jipya, lakini nailoni hufunga jasho ndani, na jasho ndilo linaloleta kutu na harufu. Kuanzia Machi hadi Mei lisimamishe ukutani mara moja kwa wiki, dirisha wazi, asubuhi nzima. Usilianike kwenye jua kali kama la sufi, jua linaila sponji. Madoa ya hudhurungi upande wa chini, au mlio wa kukwaruza ukigeuka, ni kutu iliyoanza.

Godoro lililokuja limekunjwa na kufyonzwa hewa, lifungue juu ya kitanda, si sakafuni, na uliache saa 24 hadi 72 kabla ya kulipima tena. Likifunguliwa tu bado jembamba na lina harufu ya gundi. Lisipofikia inchi 10 baada ya hapo, pima pembe zote nne kwa rula, piga picha na urudi dukani na risiti. Lisilokuja limekunjwa usilikunje wewe, hata kama gari ni dogo. Anayelipeleka Pemba alisafirishe kwa kulisimamisha ubavu, nailoni ikiwa bado juu yake kwa ajili ya maji ya bahari, na kamba zifungwe karibu na ncha mbili, kamwe si katikati, maana kamba ya katikati hukaza ukuta wa sponji mpaka ukavunjika.

Jengine ambalo wauzaji hawalisemi ni chandarua. Kilichotosha kwenye sponji ya inchi 6 hakifiki chini ya godoro la inchi 10. Kipime upya, kibaki angalau kiganja na nusu cha kuchomeka chini pande zote. Shuka nazo ziongezwe inchi 8 kwa upana na kwa urefu. Na kwa kuwa hili lina sponji upande mmoja tu, halipinduliwi. Lizungushe kichwa kiende miguuni kila mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo, halafu kila baada ya miezi mitatu.