Korg ya mjomba imeamka!

Jamani, natoka kwa fundi redio hapa Mwanga, Kigoma. Ile sintesaiza ya mjomba (kinanda cha umeme kinachounda sauti zake chenyewe), Korg MS-20, toleo la 1978, inalia!

Kapasita, vile vipuri vya kutunza chaji, zilishakauka, nobu zinakwaruza. Fundi kabadilisha, kasafisha, kawasha.

Kimya.

Nikachomeka waya mmoja kwenye yale matundu ya pembeni, nikazungusha nobu ya kichujio cha sauti taratibu… mngurumo ukaanzia chini kabisa, ukapanda, ukapanda, mpaka ukawa mluzi. Waliokuja kutengeneza simu wote wakageuka!

Kwaya isahau, lakini. Inatoa noti moja moja, haihifadhi sauti uliyoitengeneza, na ikipata joto inahama tuni. Mwenye haraka anunue ile MS-20 ndogo iliyotoka 2013.

Mimi nabaki na hii. Nani ana spika kubwa aniazime Jumamosi?