Usiku wa kuamkia Mei 12

Rosta ya Mei 2016 ilibandikwa ukutani kwa plasta ya vidonda, kama kila mwezi. Kwenye mstari wangu, tarehe 11 na 12 zilikuwa na herufi O, yaani ofu. Niliziomba mapema. Tarehe 12 ni Siku ya Wauguzi Duniani, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, na safari hii nilikuwa miongoni mwa watakaowasha mishumaa na kula kiapo mbele ya mgeni rasmi. Gauni nilishalitia wanga.

Jumatatu nikakuta O ya tarehe 11 imepakwa ile rangi nyeupe ya kufutia, na juu yake N. Usiku. Ukisogeza jicho uliiona O yangu bado imo chini. Sikuuliza. Wodini kwetu kulikuwa na watu wa inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, na kulikuwa na sisi wengine, na aliyeuliza alikula usiku mwezi mzima.

Nikaingia. Wazazi 31, akina mama waliokwisha kujifungua, wengine wawili wawili kitandani, muuguzi mimi peke yangu. Mwenzangu alikuwa leba. Saa tisa umeme ukakatika. Mama wa kitanda cha tisa akaniita kwa sauti ndogo, "Nesi, nahisi maji." Nikafunua khanga. Hayakuwa maji.

Mama wa kitanda jirani, kichanga chake mapajani, ndiye aliyenishikia tochi ya simu. Mkono mmoja nasugua tumbo, mji wa mimba umelegea kama unga uliozidi maji. Oksitosini, dawa ya kukaza mji, uniti 10 kwenye msuli, 20 nyingine kwenye dripu ya lita moja, nikapitisha mpira wa mkojo, mkojo ukatoka, nikaendelea kusugua. Ulipokuja kukaza chini ya kiganja changu, mgumu kama chungwa bichi, nilitamani kumwita mtu aje aushike naye. Jenereta liliwaka baadaye.

Kwenye ripoti asubuhi wenzangu walikuwa wamependeza, magauni yamenyooka, wanasubiri gari la maandamano. Inchaji akafunua kitabu.

"Presha za saa kumi, kitanda cha 12 hadi 20, ziko wapi?"

"Samahani, Sista. Kitanda cha tisa alitoka damu nyingi..."

"Sijauliza damu. Nimeuliza presha."

Mtu nyuma akacheka kidogo. Na kweli sikuzipima, kosa hilo ni langu. Lakini mshahara, ambao niliulalamikia kama mtumishi yeyote, haukuwahi kunikalisha chini niandike barua ya uhamisho. Kicheko kile kiliniweza.

Gari likaja, wakapanda wakiimba. Mama mhudumu alikuwa amepiga magoti kitanda cha tisa, anasugua sakafu. Akakamulia dekio kwenye ndoo, akatazama yale maji, akanitazama.

"Huyu mama amepona?"

Nikamsimulia yote, tangu khanga hadi jenereta. Alinisikiliza dekio likiwa mkononi. "Kanywe chai, Sista," akasema, "imo kwenye chupa yangu."

Barua niliiandika mchana ule kabla ya kulala. Ilipaswa kupitia kwa inchaji, kwa hiyo kwenye sababu nikaandika kwamba nakwenda kumuuguza mama yangu mzazi. Mama alikuwa mzima kabisa, yuko shambani anavuna mahindi.