Kabla hujanunua alternata, pima athi

Gari langu ni sedani ya mwaka 1994 na sina mpango wa kuliuza. Injini imetulia, giaboksi haina neno. Kinacholisumbua ni umeme, kama ilivyo kwa magari mengi ya umri wake: waya zimekakamaa, plastiki za viungio zinakatika ukizigusa tu, na kila fundi aliyelipitia ameacha kiraka chake cha tepu nyeusi. Nimezipenda kazi hizi kiasi kwamba siku hizi ndugu na majirani huniita mimi kwanza. Na ninachowaambia wote ni kimoja: anzeni na athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi la gari.

Umeme unaotoka kwenye chanya ya betri lazima urudi kwenye hasi. Kwa sehemu kubwa ya gari, njia ya kurudi ni bodi lenyewe na injini, na kati ya kifaa na bodi kuna kipande kifupi cha waya, mara nyingi cheusi, kilichofungwa kwa bolti. Waya wa kwenda una fyuzi na umefichwa ndani ya kava. Bolti ya athi iko wazi, inakula maji na matope miaka nenda miaka rudi. Halafu dalili zikianza, mtu anakimbilia kununua betri, kisha alternata inayochaji betri, kisha stata inayozungusha injini wakati wa kuwasha, na ugonjwa uko palepale. Inaniuma sana kuona pesa ya mtu ikipotea hivyo wakati dawa ilikuwa kipande cha msasa.

Chukua taa za nyuma. Jioni moja nilisimama nyuma ya gari, mke wangu akanikanyagia breki. Upande wa kulia ukang'aa vizuri. Upande wa kushoto ukafifia, na taa za pakingi zikawaka hafifu wakati swichi yake imezimwa. Hata dashibodi ikawa na mwanga. Ukiona taa zinawaka bila kuombwa, usianze kufungua swichi. Kwenye gari kama langu, balbu ile ya nyuma ina nyuzi mbili zinazong'aa ndani yake, wa wati 21 wa breki na wa wati 5 wa pakingi, na zote mbili zinatumia athi moja. Athi ikikatika, umeme wa breki hauna pa kutokea, kwa hiyo unapenya kwenye uzi wa pakingi, unaingia kwenye waya wa taa za pakingi na kutafuta athi kupitia balbu za mbele na za dashibodi. Ndiyo maana nazo zinawaka.

Nilitoa kapeti ya buti. Nyuma ya taa ya kushoto kulikuwa na waya mweusi wenye kichwa cha duara, umebanwa na bolti ya spana namba 10. Bolti ilikuwa imekazwa sawasawa, ukiitikisa haichezi. Nilipoifungua nikakuta unga wa kijani chini ya kile kichwa, na rangi ya bodi imevimba kulizunguka tundu. Bolti iliyokaza haithibitishi chochote mpaka uifungue uone kilicho chini yake. Nilisugua kwa msasa hadi chuma kikawa cheupe, nikakata waya sentimita chache hadi kwenye shaba safi, nikaubana kichwa kipya, nikakaza, kisha nikapaka grisi juu ili maji yasiingie. Taa zote zikarudi kwenye adabu yake.

Sasa mita, kile kifaa cha kupimia umeme. Wengi hupima waya kwa omu, yaani ukinzani wake, au huchomeka mita kwenye holda ya balbu, wakaona volti 12, wakasema waya mzima. Kipimo hicho kinadanganya. Ubao uliooza hubeba kuku bila shida. Akiukanyaga mtu ndipo utajua. Mita nyingi za kidijitali zina ukinzani wa ndani wa megaomu 10 hivi, yaani hazinywi umeme wowote wa maana. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba, au wenye kutu ya omu 5, utaipa mita volti zake 12 kamili. Weka balbu ya wati 21 kwenye waya huo wenye kutu, na karibu nusu ya volti hizo zitaishia njiani.

Kwa hiyo pima kifaa kikiwa kinafanya kazi. Washa taa au feni unayoishuku. Waya mwekundu wa mita ugusishe upande wa athi wa kifaa, mweusi uweke kwenye hasi ya betri, tena kwenye nguzo yenyewe, kile kichwa cha risasi cha betri, na si kwenye klempu inayokibana, maana uchafu kati ya klempu na nguzo nao ni ugonjwa. Mita inapaswa kusoma karibu na sifuri. Kwa taa, mimi sikubali zaidi ya volti 0.1. Kwa injini wakati stata inazunguka, 0.2 si mbaya. Ikifika nusu volti, kuna kitu cha kutafuta. Kisha rudia kwa upande wa chanya, kutoka nguzo ya chanya hadi kifaa kinapoingiziwa umeme.

Shemeji yangu alinipigia akiwa amekata tamaa. "Shemeji, betri nimebadilisha, bado linalia tik tu, halizunguki." Betri ilikuwa na volti 12.6, imejaa. Tukaweka gia huru na hendibreki, nikaweka mita kati ya nguzo ya hasi na bloku ya injini, nikamwambia azungushe ufunguo. Mita ikaruka hadi zaidi ya volti 4. Nikachukua kebo moja ya kuazimia chaji, nikaiunganisha kutoka hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye chuma cha injini. Ikawaka papo hapo. Ule mkanda wa athi unaoshuka kutoka bodi hadi kwenye giaboksi ulikuwa umelika kwa chini, umebaki nyuzi chache. Betri aliyoitoa haikuwa na kosa lolote.

Kuna ugonjwa mwingine ambao athi haihusiki: betri inayolala ikiwa na chaji na kuamka imekufa. Hapo unafungua waya wa hasi na kuiweka mita katikati ya waya huo na nguzo ya hasi, kwenye tundu la ampia 10, gari likiwa limezimwa na kufungwa. Ukiwa na mita hapo usijaribu kuwasha injini, utaunguza fyuzi ya mita. Subiri, maana vifaa vingine huchukua nusu saa kulala. Chini ya miliampia 50 ni kawaida. Balbu ya wati 5 ya buti isiyozimika inakunywa ampia 0.4 hivi, betri ya ampia-saa 45 inapoteza karibu nusu ya chaji kwa siku mbili. Chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Zikiisha zote na namba bado iko juu, chomoa waya mnene wa alternata, ukihakikisha hasi ya betri imefunguliwa kabla ya kushika spana. Diodi iliyovuja, yaani kile kipande ndani ya alternata kinachotakiwa kupitisha umeme upande mmoja tu, humwaga umeme usiku kucha hata kama mchana inachaji volti 14 safi. Hapo ndipo alternata inastahili lawama.

Fyuzi ikiungua, usiweke kubwa zaidi. Hili nalisema kwa uzito wote. Fyuzi inalinda waya. Ukiweka ya 30 palipoandikwa 10, kitakachoungua safari nyingine ni waya ndani ya dashibodi, na gari zima linaweza kwenda nao.

Kwa sasa ninalo dirisha la mlango wa nyuma linaloshuka bila shida lakini kupanda linapanda mlango ukiwa wazi tu. Mlango ukifunguliwa na kufungwa kila siku, waya zilizo ndani ya ule mpira wa bawabani hukunjwa mahali palepale, na shaba hukatika ndani ya plastiki huku nje pakionekana pazima. Jumamosi navuta mpira huo na kuvuta waya moja moja kwa vidole. Utakaonyooka kama lastiki ndio wenyewe.